Warembo Wasiohesabiwa

Picha iliyonipeleka kwenye shahada ya uzamili inaonyesha wasichana waliosimama kwa mstari mmoja jukwaani, katika jiji moja la Ulaya, miaka ya hamsini. Ni shindano la urembo la kimataifa. Wamevaa nguo za kuogelea na viatu vya visigino virefu. Kila mmoja ana utepe wenye jina la nchi yake na, kwenye kifundo cha mkono, kibao cha duara chenye nambari. Wote wanatabasamu isipokuwa mmoja wa pembeni, ambaye anakitazama kibao chake kana kwamba ni saa na amechelewa mahali.

Nilimtazama msichana huyo kwa muda mrefu kuliko nilivyowatazama watu wengi wa ukoo wangu. Nilijua pazia lililokuwa nyuma yake lilishonwaje. Nilijua waamuzi walikaa upande gani. Nilichokuwa sijui, na nililazimika kukijua mbele ya watu, ni jibu la swali ambalo profesa mmoja aliniuliza siku niliyotetea pendekezo langu la utafiti katika chuo ninachosomea, mjini Nyeri. Aliuliza kwa upole, miwani ikiwa juu ya paji la uso:

“Sasa, haya yote yanamhusu nini mtu wa hapa kwetu?”

Nilikuwa na majibu kadhaa. Hilo ndilo lililoniponza. Nilipokuwa nikiamua lipi litangulie, na kama la pili halipingani na la kwanza, sauti yangu iliondoka. Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nje mtu alikuwa akikata nyasi kwa mashine, nami nikamsikiliza kwa makini kama aliyeitwa kumtathmini. Jopo lilisubiri, likatazamana, kisha likaniambia nirudi muhula ujao. Nikishindwa tena, mada hiyo ingefutwa.

Nilikwenda Othaya kwa nyanya yangu, ninayemwita Cucu. Alikuwa uani akichambua maharagwe.

“Ati umefukuzwa?” aliuliza kabla sijaketi.

“Sijafukuzwa, Cucu. Nimeambiwa nirudi.”

“Basi utarudi. Kunywa chai.”

Nilipomwonyesha picha hiyo, aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, akacheka mpaka maharagwe yakamwagika.

“Wee! Hawa wasichana hawasikii baridi? Mwambie huyu wa mwisho avae sweta.”

Hakuuliza yanamhusu nini. Lakini Jumapili iliyofuata, wanawake wa chama cha kanisa walipokutana kupanga siku ya wazee, alisimama akanitoa sadaka bila kuniuliza. Mkutano huo huendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu mke wa mchungaji aliolewa kutoka Kisii, na Kikuyu chake ni cha salamu tu.

“Huyu mtoto wangu amesomea urembo mpaka digrii ya pili,” nyanya alisema. “Mwaka huu tusiimbe peke yake. Tufanye hiyo shindano ya dunia, lakini ya macucu.”

“Amesomea urembo wa kupaka ama wa kuandika?” aliuliza mwenyekiti, mwanamke mrefu wa rika la nyanya, anayeuza ndizi za Mukurweini sokoni.

“Wa kuandika.”

“Ndio maana hajapaka.”

Walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikasikia mke wa mchungaji akisema kwamba mimi ndiye nitakayeshika kipaza sauti. Kicheko changu kiliishia hapo. Niliwaza njia za kukataa njia nzima ya kurudi nyumbani, na kila njia ilikuwa na kasoro.

Kwa kuwa sikuweza kukataa, nilijificha katika maandalizi. Nilikata duara za kadibodi kutoka kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, nikazifunika karatasi nyeupe, nikaandika nambari kwa wino mweusi, nikatia utepe wa kufungia kwenye mkono. Nilipima kipenyo kwa rula. Zililingana na zile za picha kwa kadiri ambavyo picha iliniruhusu kujua. Siku ya mazoezi, katika ukumbi wa kanisa, nilimwita nyanya awe wa kwanza. Alininyooshea mkono wake kwa furaha, kama anayepimiwa bangili. Nilipokuwa nikifunga fundo, aliona nambari. Aliurudisha mkono ndani ya shali.

“Hiyo ondoa, mami.”

“Ni ya shindano tu, Cucu. Waamuzi wataandika alama kwa kila nambari.”

“Ondoa.”

 Mwenyekiti aliokota duara moja, akaigeuza pande zote, akairudisha mezani kifudifudi.

“Watu hawahesabiwi,” alisema. “Hujui hiyo?”

Nilijua. Kila mtoto aliyelelewa kwenye miteremko ile anajua. Nyanya akiulizwa ana watoto wangapi, hujibu kwamba Mungu alimpa wa kutosha. Mbuzi wake hawahesabu kwa sauti; huwatazama wakiingia zizini na hujua asiyekuwepo. Nilikuwa nimekulia katika mwiko huo, kisha nikauvuka nikiwa na rula mkononi.

“Mimi nilihesabiwa,” nyanya alisema, bila kupandisha sauti. “Nikiwa msichana mdogo, wakati ya Hali ya Hatari ya mkoloni. Tuliwekwa kwa kijiji, mtaro imezunguka, na geti ni moja. Asubuhi mama wakitoka kuchimba, wanahesabiwa. Jioni wakirudi, wanahesabiwa. Ilitosha.”

Nilizitazama duara zangu. Miaka ya hamsini. Nilikuwa nimesoma juu ya miaka hiyo kwa lugha ya pazia na utepe, na haikuwa imenijia kwamba mwanamke aliyenilea alikuwa ndani ya miaka hiyo hiyo, upande huu, akisimama kwenye mstari mwingine. Nilitaka kuketi mahali peke yangu nilifikirie jambo hilo, lakini wanawake walikuwa wameshaendelea na mipango.

“Sasa mshindi atajulikana aje?” aliuliza mke wa mchungaji.

“Tushinde wote, tuende nyumbani.”

“Shindano bila mshindi ni mkutano, na mkutano tuko nayo kila Jumapili!”

“Basi kila mtu aseme vile yeye ni mrembo.”

“Ai! Nani atajisifu mbele ya mchungaji?”

Nilisema, kwa sauti ndogo iliyonishangaza kwa kutoka, kwamba kila mmoja angeweza kusemewa na mwenzi wa rika lake, yule aliyemjua akiwa msichana. Na badala ya alama, ukumbi upige vigelegele. Atakayepigiwa virefu zaidi ndiye mshindi.

“Huyo sasa ndio amesoma,” mwenyekiti alisema, akazibeba duara zangu zote akawashia jiko.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa hadi madirishani. Akina cucu walijipanga kando ya jukwaa wakiwa na sweta zao nzuri, vitambaa vya kichwani vilivyopigwa pasi, na soksi nzito. Nilipewa kipaza sauti. Nilikuwa na sentensi ya kwanza, niliyoiandika upya mara nyingi, na palepale nilianza kuisahihisha. Je, nianze na mchungaji au na wazee? Sauti ikaondoka. Niliijua njia iliyopitia. Nilifungua kinywa, nikakifunga, nikaanza kutafuta kwa masikio mtu anayekata nyasi.

“Mami!” nyanya aliita kutoka kwenye mstari. “Kama umemeza ulimi sema, sisi tutembee! Hii soksi inanishuka!”

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Na katika kicheko hicho hapakuwa na jibu la kupanga. Palikuwa na mwanamke mwenye soksi inayoshuka, akingoja.

“Wazee wetu,” nilisema, “huyu wa kwanza msimcheleweshe. Soksi haina subira.”

Baada ya hapo sikusimama. Niliwaita mmoja mmoja kwa majina yao. Mmoja alisifiwa kwa kuvuka mto uliofurika akiwa na mzigo wa kuni na kutoka upande wa pili akiimba. Mwingine alisemewa kwamba wavulana wa kijiji kizima walijifunza kuendesha baiskeli ili tu wapite kwao. Nyanya alisemewa na mwanamke mdogo wa umbo aliyetoka kwenye kijiji kile chenye mtaro.

“Huyu,” alisema, “jioni tukipanga mstari pale getini, alikuwa anatembea kama amealikwa.”

Nyanya aliutembea tena mwendo huo mbele yetu, kidevu juu, soksi moja chini. Vigelegele vilivyopigwa vilikuwa virefu. Lakini wa mwisho, mwenyekiti wa ndizi, alipigiwa virefu zaidi, na ni yeye aliyetangazwa mshindi.

“Haiwezekani!” nyanya alipiga kelele, akicheka. “Rudieni! Hesabuni tena!”

“Cucu, si ulisema hatuhesabu?”

“Watu ndio hawahesabiwi. Vigelegele vinahesabiwa! Mtoto msichana akizaliwa ni vitatu, mvulana ni vitano. Hujui hiyo pia?”

“Basi wewe tukupigie vitatu, unyamaze,” mwenyekiti alisema, taji la maua ya migomba likimwelemea sikio.

“Vitatu ni vya kuzaliwa. Mimi nilishazaliwa kitambo. Nataka vitano.”

Akapigiwa vitano. Wanawake wote walisimama wakavipiga, kimoja kimoja, huku wakivihesabu kwa vidole hewani, na mshindi ndiye aliyeongoza.

Muhula uliofuata nilisimama tena mbele ya jopo. Profesa alipandisha miwani kwenye paji la uso na kuuliza swali lile lile, neno kwa neno. Nilimwonyesha kibao kwenye mkono wa msichana wa pembeni. Nilisema kwamba miaka ile ile, wanawake wa Othaya walisimama jioni mbele ya geti wakihesabiwa. Kwamba utafiti wangu unauliza nani hupewa haki ya kumtia mwanamke nambari, kwa kumsifu au kwa kumfunga. Na kwamba najua ukumbi mmoja ambao nambari zilichomwa na mshindi akapatikana. Niliongea mpaka nikamaliza. Sikupanga lipi litangulie.

Profesa alishusha miwani. “Ukumbi huo,” alisema, “uwe sura ya kwanza.” Walinipitisha wote.

Nilimpigia nyanya nikiwa bado kwenye ngazi.

“Cucu, wamekubali.”

 Alisogeza simu mbali na mdomo, nami nikasikia kigelegele, kirefu, chembamba, kikipanda. Kisha cha pili. Cha tatu kilipoisha, nilidhani ametosheka, kwa kuwa mimi ni msichana, na nikaanza kumshukuru.

“Ngoja,” nyanya alisema. “Bado viwili.”