Kwa Baiskeli Kwenye Mahekalu ya Wakhmer

Binti yangu anafanya kazi Kambodia. Aliponialika kumtembelea, alipanga nizungushwe kwa bajaji kwenye mahekalu ya kale ya Wakhmer.

"Mama, jua la huku ni kali, na umri umekwenda," aliniambia.

"Mwanangu, nilipandisha magunia ya kahawa kwa baiskeli kwenye vilima vya Mbozi kabla hujazaliwa. Nataka baiskeli."

Tulitoka alfajiri. Kiongozi wetu, mwanamke mcheshi, alitutangulia kwenye njia za msituni. Nchi ile ni tambarare, nikawa nakanyaga pedali huku nacheka peke yangu. Kwenye hekalu moja mizizi ya mti ilikuwa imekumbatia ukuta mzima wa mawe. Nilishuka, nikaugusa ukuta ule.

Mchana tulifika kwenye hekalu refu kama mlima, lenye ngazi zilizosimama wima. Binti yangu alizitazama, akaketi kivulini.

"Mwambie mama si lazima apande," kiongozi alimwambia.

Nilikaza kitenge kiunoni, nikapanda kwa mikono na miguu, nikisimama kila pumzi iliponiishia. Nilipofika juu, niliona msitu wote uko chini yangu, na minara ya mawe imechomoza katikati ya miti. Nikapiga vigelegele kama niko harusini kwetu Vwawa. Watalii waligeuka, wakapiga makofi.

Kule chini binti yangu alikuwa amesimama, akipunga mikono yote miwili na kumpigia kelele kila aliyepita: "Yule ni mama yangu!"