Figa la Ng'ambo

Umri huu sina haja ya kumdanganya mtu. Sifa nilishamaliza kuzitafuta. Haya ninayoyaandika yamenikuta mwenyewe, uani kwangu hapa Buzebazeba, jua ndiyo kwanza limezama, si usiku wa manane ambapo mtu anaweza kusema bibi alikuwa na usingizi. Shahidi yupo, mjukuu wangu Zawadi, na jiwe lipo. Shule niliishia darasa la pili, lakini jina la mtu nikilisikia halinitoki, kwa hiyo kila mmoja nitamtaja.

Bibi yangu mzaa baba aliitwa Nyota. Kwao ni Ubwari, upande wa Kongo, kwenye ile milima tunayoiona kutoka huku mvua ikishaosha anga. Aliolewa bado binti mdogo na babu yangu Sefu, mtu wa Ujiji, akavushwa ziwa. Siku ya kuondoka mama yake, Mama Wabiwa, hakulia. Alimwambia tu, "Nenda, mwanangu. Chungu chako hakitashuka motoni mpaka urudi."

Bibi hakurudi. Leo mtoto anaumwa, kesho mume hataki, mwisho mtu anajiona kazeeka. Sisi wajukuu alitusimulia huyo Mama Wabiwa mpaka tukawa kama tumemwona: mrefu, mwembamba, anaepua chungu kinachochemka kwa mikono mitupu, bila kitambaa, na vidole visiungue. Bibi Nyota akafa hapa hapa na kaburi lake lipo hapa Ujiji.

Sasa mimi, nilipotoka eda ya mume wangu, nikasema nakwenda kuona kwa bibi yangu kabla miguu haijakataa. Mwanangu Hamisi, anayeishi Mwandiga, akaja juu.

"Mama, utakwenda kufanya nini kwa watu usiowajua?"

"Kwani wewe nilikujua kabla sijakuzaa?"

Nikapanda boti pale Kibirizi, nikavuka.

Nilipokewa na Asumani, mjukuu wa kaka yake Bibi Nyota, pamoja na mkewe Mapenzi. Asumani ana paji la uso la marehemu baba yangu, utadhani waliazimana. Nilikaa kwao kama niliyezaliwa pale. Sombe yao, yaani kisamvu, kwa mawese, ugali wao wa muhogo, kila kitu kiliniingia mwilini kama dawa. Na kule jua linachomoza ziwani, jambo ambalo sisi wa Ujiji hatulijui, maana kwetu linazama humo. Kila asubuhi nilikuwa nakaa mchangani nikilingoja. Nilizoea upesi mno. Hapo ndipo ningepaswa kujiuliza: mtu mzima, mjane, mwenye nyumba yake, anazoeaje hivyo?

Siku moja kabla ya kurudi, Asumani na Mapenzi wakanipeleka juu kilimani kwenye mahame ya Mama Wabiwa. Nyumba hakuna, ukuta hakuna, ni majani tu na mihogo iliyojiotea. Lakini katikati mafiga matatu yamesimama, yametazamana kama yalivyowekwa. Hakuna aliyewahi kuyagusa. Mimi nikainama, nikang'oa moja.

Wifi yangu Mapenzi akasema taratibu, "Acha ile, wifi. Iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi. Huyu si mama yake bibi yangu?"

Asumani akatazama pembeni. Kwao mgeni mwenye mvi habishiwi. Nikalifunga figa kwenye kitenge, nikaja nalo.

Nyumbani nina jiko langu la mafiga matatu uani, makubwa, hata Zawadi haliinui moja peke yake. Moja lina doa la rangi ya bluu, lilidondokewa siku Hamisi anapaka mlango. Tulibingirisha moja lisilo na alama hadi uzioni, nikaliweka la Mama Wabiwa mahali pake. Nikaona nimefanya la maana. Kila nitakapopika, nitapika na kwetu.

Niamini, chungu hakikukaa. Nilikiinjika kikalala upande, maharage yakamwagika motoni. Nikalitilia figa vijiwe chini, nikalichimbia, nikalipandisha, bado kikalala. Zawadi akasema jiwe ni fupi. Nikampa kijiti apime. Ni jembamba tu, urefu ni ule ule.

Halafu nikaanza kuharibika mimi. Asubuhi nikiamka nakwenda kutafuta mlango ukutani, upande ulipo mlango wa nyumba ya Asumani. Chakula hakina ladha, hata dagaa wabichi waliotoka ziwani muda huo. Alfajiri najikuta ufukweni nimeketi nangoja jua litoke majini, na jua linanipiga kisogoni. Jirani yangu Mama Bukuru, Mha wa Kasulu, ambaye huanika dagaa pale, akaniuliza, "Mama Hamisi, jua la leo limekupotea njia?" Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini niliporudi nyumbani nikasimama mlangoni nikapiga hodi. Nyumba niliyoijenga na mume wangu tofali kwa tofali, nikapiga hodi, nikangoja kukaribishwa.

Zawadi ndiye aliyempigia simu baba yake. Hamisi akaja, akanitazama nikila, akasema, "Mama, Ijumaa nakuja na gari. Utakaa na sisi Mwandiga. Nyumba hii tutapangisha." Kwa kawaida ningemjibu jibu la kumlaza njaa. Siku hiyo nilitafuta neno la kusema kwamba hapa ni kwangu, nikalikosa. Unaelewa maana yake? Nilikuwa napoteza kwangu, na sikuwa hata na uchungu nako.

Basi ikawa Alhamisi. Magharibi imeadhiniwa, nimeswali, nimeinjika kisamvu, nimeshikilia chungu kwa mwiko kisilale. Zawadi yuko ndani anakata vitunguu. Nikainua macho, mbele ya moto amechutama mwanamke. Geti sikulisikia. Mrefu, mwembamba, kajifunga kaniki, miguu yake inachuruzika maji mpaka vumbi la ua limekuwa tope. Sikupiga kelele. Mimi nimezaa, nimezika, na mtu akija jikoni kwangu nina desturi ya kumsalimu kwanza.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alikuwa anatazama chungu. Akasema, "Kimelala upande. Kinamwagika kila siku. Mwanangu akija atakula nini?"

Kisha akapeleka mikono yake mitupu motoni, akaepua kile chungu kikiwa kinachemka, akakiweka chini polepole kama anayemlaza mtoto. Hapo nikamjua. Na wewe umeshamjua.

Nikawaza, figa lake alichukue tu aende. Lakini kinywa changu kikatangulia. Nikamwambia, "Mama Wabiwa, Nyota ameshakula."

Akanigeukia.

"Wapi?"

"Huku. Alipika huku, akala huku, akazeeka."

"Alizaa?"

"Alizaa. Mimi natoka kwa mwanawe Ramadhani. Ndani mle yuko mjukuu wangu mimi, anakata vitunguu."

"Alinisahau?"

"Angekusahau mimi ningekujuaje?"

Moto ukawa unalia peke yake. Nikamwambia Nyota amelala hapa karibu, kaburi lake nalifagia mwenyewe, na asimwekee chungu tena, mtoto ameshiba. Nikasema jiwe lake alichukue, nililing'oa bila kuomba.

Akaweka kiganja juu ya figa lake, akalipapasa, akaliacha. Akakamata langu, lile lenye doa la bluu, jekundu kwa moto upande mmoja, akaling'oa kama mtu anayeng'oa karanga.

"Hili la kwangu libaki na wa Nyota. Mimi nitapikia lenu."

Akalipakata, akaondoka kuelekea ziwani. Alipofika usawa wa uzio ndipo akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Zawadi alitoka na vitunguu vyake, akanikuta nimesimama. Mwanamke hakumwona. Alichoona ni chungu kiko chini mbali na moto na bado kinatokota, tope mahali ambapo hakuna aliyemwaga maji, na shimo jeusi palipokuwa na figa. Sahani ikamtoka mkononi. Nikamwambia okota vitunguu, mwanangu, tule. Na kile kisamvu, Wallahi, kilikuwa na ladha.

Hamisi alipokuja Ijumaa na gari yake nilimpa chai, nikamwambia hapa ni kwangu na nyumba ya baba yako haipangishwi. Akacheka kwa furaha, akasema mama yake amerudi. Figa la uzioni nikalirudisha jikoni, la Mama Wabiwa nikaliacha, chungu kikakaa sawa. Baadaye kidogo Asumani akatuma picha kwenye simu ya Zawadi. Mapenzi alikwenda kuchuma kisamvu kwenye mahame, akakuta mafiga ni matatu tena. La tatu lina doa la bluu. Anauliza, wifi, ulirudi lini bila kutuaga?

Toka siku hiyo hali yangu ndiyo hii. Zawadi alininunulia jiko la gesi, nalitumia mchana. Ikifika magharibi lazima niwashe moto kwenye mafiga, hata kama ni wa kuchemsha maji tu, na Asumani anasema saa hiyo hiyo kule kilimani wanaona moshi mwembamba unapanda, wakienda hawakuti mtu. Siku nisipowasha, nalala miguu ikiwa baridi na asubuhi nakuta mchanga kwenye shuka. Kwa hiyo Mwandiga naenda asubuhi, jioni nimerudi. Sijutii. Nina makwao mawili na moto mmoja, si kila mtu anao.

Lakini wewe unayesoma, ukienda kwenu kwa asili, nenda. Kula, lala, jua majina ya watu wako. Ukikuta mafiga kwenye mahame usiseme hayana mwenyewe, na ukiambiwa acha, acha, hata kama una mvi kuliko anayekuambia. Na lingine, hili ndilo zito: mtoto akiondoka, chunga unachomwambia mlangoni.

Zawadi ameolewa Tabora. Siku ya kumsindikiza stesheni alinishika mkono akasema, "Bibi, nisemee neno."

Nikamwambia, "Nenda, mjukuu wangu. Ukichelewa, sisi tutakula."