Simu za Orrin Tregear Baada ya Mazishi

Verna Koskela, jirani yangu hapa mjini Marquette, alikuwa na kompyuta kwenye chumba cha chini ya nyumba, kando ya mashine ya kufulia, enzi zile ambazo mwanamke mwenye kompyuta nyumbani alichekwa. Aliiunganisha na waya wa simu. Mtu yeyote mwenye kompyuta aliweza kupiga namba ya Verna, mashine zikapigiana makelele, kisha akasoma na kuacha ujumbe. Waliingia mmoja mmoja. Wengine walisubiri laini.

Orrin Tregear, mchimba madini mstaafu aliyeishi peke yake msituni, aliingia kila jioni. Yeye na Verna hawakuwahi kuonana.

"Hodi, bibie," aliandika.

"Karibu, mzee. Leo umekula nini?"

"Mkate wa nyama na viazi."

"Umeunguza tena?"

"Upande mmoja tu. Wa pili mbichi."

Verna, mjane, alikuwa akicheka peke yake huku nguo zikizunguka.

Februari moja mafua yalimlaza Verna. Alipopata nafuu, simu ya kawaida ililia. Alikuwa Ardis, dada yake Orrin.

"Kaka ametutoka. Moyo. Tumemzika juzi. Namba yako ilikuwa ukutani kwake."

Jioni hiyo Verna alishuka chini. Mashine ikapiga makelele, na jina likatokea kwenye kioo: Orrin Tregear ameingia.

"Nani huyo?" aliandika. "Acha mzaha."

Laini ikakatika. Kesho yake, saa ileile, akaingia tena.

"Si ukate waya?" nilimwambia aliponisimulia.

"Nikate, nimfungie mlango?"

Verna akaanza kumwachia Orrin ujumbe, mambo ambayo hakuwahi kumwambia akiwa hai. "Anauchukua," aliniambia, macho yamemzama. "Kila jioni anauchukua wote."

Niliogopa. Nikampigia Ardis, tukaenda watatu, pamoja na Verna, mpaka nyumba ya Orrin kule msituni. Koti la Orrin lilikuwa bado limetundikwa mlangoni. Chumbani, gizani, kompyuta ilikuwa inanguruma. Ndipo tukaelewa: Orrin, mikono ilipoanza kumtetemeka, alikuwa ameipanga ipige yenyewe kila jioni na kumletea ujumbe alioachiwa. Maneno yote ya Verna yalikuwa mle ndani. Hakuna aliyeyafungua.

Ardis alishika waya wa umeme. "Nizime, dada?"

"Ngoja inipigie kwanza."

Tulisimama na makoti yetu hadi mwanga ulipofifia dirishani. Mashine ikalia, ikaita nyumbani kwa Verna, ambako hakukuwa na mtu, ikachukua alichokiandika Verna asubuhi ile, ikanyamaza.

"Sasa zima," alisema.

Miaka ikapita, intaneti ikaja, na wapigaji wa Verna wakapungua mmoja mmoja bila kuaga. Alipohamia kwa binti yake nilimsaidia kubeba ile kompyuta. Kabla ya kuizima alipitisha kidole juu ya majina kwenye kioo, taratibu.

"Hawa wote," alisema, "sijui nani yuko hai."