Aliyepima Kila Pingili Mara Tatu

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa chumba cha mifupa katika chuo cha udaktari. Kwa miaka ishirini na sita alipima pingili za mgongo, hasa zile za kifuani, ili wapasuaji wajue skrubu ya unene gani itaingia bila kutoboa njia ya neva. Kila mfupa aliupima mara tatu, siku tatu tofauti, kila siku na daftari lake, jicho lisije likachungulia jibu la jana. Udaktari hakuwa nao wala hakujifanya anao. Kaka yake alimwita Bwana Mifupa, naye akaitika.

Miezi minne baada ya maziko, shemeji yangu huyo akaniletea habari. Daktari kijana aliyerithi kazi ile alikuwa ameandika ripoti kwamba vipimo vya pingili ya tano ya kifuani "vimebuniwa". Ingesomwa Ijumaa mbele ya wapasuaji wote.

"Shemeji, achana nao. Marehemu amepumzika."

"Yeye amepumzika. Mimi bado."

Nimefundisha hesabu miaka thelathini. Mtoto aliyebuni majibu namjua kabla hajakaa. Nilibeba madaftari matatu, nikaingia ofisini kwa daktari bila hodi.

"Mama, pole sana kwa msiba."

"Pole yako iweke kwanza. Nani amebuni?"

"Si tusi, mama. Yeye kaandika milimita nne na kitu. Mimi napata kumi na moja."

"Pima nikuone."

Akatoa pingili ya tano moja kwenye boksi. Nyuma yake huchomoza vishina viwili, na skrubu hupita humo ndani. Ni virefu kwenda juu na vyembamba kwa upana, mfano wa mlango. Daktari akakibana kimoja kwa kalipa, kile kipimio cha taya mbili, juu na chini.

"Ukitaka kupitisha pipa mlangoni," nikamuuliza, "unapima kimo cha mlango au upana wake?"

Akaigeuza kalipa, akabana ubavuni. Nne nukta tatu.

"Ungewapa wapasuaji kumi na moja, watu wakaamka miguu imekufa. Halafu mwongo awe mume wangu!"

"Nimeteleza, mama. Nitaifuta ile sentensi kimya kimya."

"Ulimtukana kimya kimya?"

Nikavuta kiti. Tulizipima pingili za tano zote zilizokuwa bokseni, ishirini za maiti ishirini, yeye akisoma kalipa, mimi nikifuata kwa kidole daftarini. Kumi na tisa zilikubali. Kwenye moja, daftari la pili lilikuwa limebadilisha kulia na kushoto. Daktari akanitazama, tabasamu likimchezacheza mdomoni. Uso uliniwaka moto.

"Iandike na hiyo," nikasema. "Kosa moja. Sisi hatufichi."

Akaandika masahihisho, na mahali pa jina akaweka "fundi wa zamani".

"Fundi gani? Ana majina matatu, na watoto wanayatumia."

Akayaandika yote.

Ijumaa nilikaa mstari wa mbele. Daktari alisoma kosa lake, akasoma na lile la mume wangu, kisha akaonya kwamba skrubu ya milimita tano isiingizwe kwenye pingili ya tano kabla mgonjwa mwenyewe hajapimwa. Wapasuaji wakanakili. Baadaye akaja kunipa mkono mbele ya watu.

Sikuupokea. Mpaka leo sijaupokea.