Lorna Ataka Kugombezwa

Mume wake alipofariki, Lorna Tesky aliacha mashamba ya Renfrew akavuka mto kwenda Gatineau, mji unaosema Kifaransa, kuishi karibu na mwanawe, Garth, aliyeoa binti wa kule. Kila Jumapili walikula kwa mama mkwe wa Garth, Huguette. Meza nzima ikicheka, Lorna alikaa kimya kama mgeni wa msibani, akingoja mwanawe amtafsirie kichekesho kilichokwisha kupoa. Iliuma, jamani.

Basi akajitosa kwenye vitenzi vya Kifaransa. Lahaula! Kiingereza chake tangu utotoni kitenzi ni kimoja, unakitupia yeyote. Kifaransa? Mimi hivi, wewe vile, sisi neno jingine kabisa, utadhani ndugu wa baba mbalimbali. Alivikariri akimenya viazi, akavikariri akizoa theluji: nilikwenda, ulikwenda, alikwenda! Jirani akamwuliza Garth kama mama yu mzima.

Vikamkaa kichwani. Lakini watu wa Gatineau wana adabu inayokera: wakisikia lafudhi tu, wanakuhamia Kiingereza. Dukani Lorna alianza, "Ningependa, kama ungekuwa na..." Muuzaji akamkatiza kwa Kiingereza safi: "Mkate mmoja au miwili, mama?" Alitamani kumpiga nao.

Huguette ndiye aliyezidi. Lorna akifungua mdomo tu, yeye anampapasa mkono, "Usijisumbue mpenzi," kwa Kiingereza. Mwanamke mwema, na wema wake ukuta mtupu.

Jumapili moja, baada ya chakula, wakacheza karata. Huguette akatupa kopa. Lorna akakata kwa turufu, akala. Mchezo ulipokaribia kwisha, akaangusha kopa lililokuwa mkononi muda wote, ambalo sheria ilimtaka alitoe kabla ya turufu.

"We!" Huguette akaruka, na kwa hasira Kiingereza chote kikamtoka kichwani. "Kumbe kopa ulikuwa nalo! Mwizi mkubwa!"

"Mwizi nani? Sikuliona!" Lorna naye akamjibu kwa Kifaransa.

"Hukuliona, una macho ya mapambo?"

"Wewe juzi ulichungulia karata zangu, nikanyamaza!"

"Mimi? Mimi Huguette Charlebois?"

"Wewe! Na shingo ulivyoirefusha!"

"Mama," Garth akaingilia, "anachosema ni kwamba..."

"Nyamaza wewe! Nimemsikia!"

Na kweli Lorna alikuwa amemsikia, kila neno, bila kutafsiriwa. Hapo ndipo machozi yalipomtoka bila hodi. Huguette akashtuka, hasira ikamwisha. Akamshika mkono, akahamia Kiingereza: "Pole mpenzi, nimekuudhi?"

Lorna akapiga meza vikombe vikaruka. "Hapana! Usinihamie! Nigombeze vilevile!"

Huguette akauachia ule mkono, akamsukumia karata, akamwambia kwa Kifaransa, harakaharaka kama anavyosema na dada zake:

"Haya, gawa basi, mwizi we. Na hicho kitenzi chako cha mwisho umekiharibu."