Isale la Mwalimu wa Kemia

Mwalimu wangu wa kemia amekwisha kufa, Mungu amlaze anapojua Yeye, nami bado sijamsamehe.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, kwenye sekondari moja huku Old Moshi. Asubuhi mstarini tunahubiriwa undugu, kisha yeye anaingia darasani na chaki yake. Siku hiyo alitufundisha kutambua jinsi obiti za atomu zinavyochanganyika. Njia yake ilikuwa nyepesi: hesabu majirani wa atomu, na jozi ya elektroni isiyofungwa nayo ni jirani. Wakiwa wanne, sp³. Watatu, sp². Wawili, sp. Halafu akatafuta neno la Kiswahili la mchanganyiko huo, akanitazama.

"Chotara," alisema. "Kama huyu. Baba wa miwa, mama wa migomba."

Darasa likaangua kicheko. Baba yangu alitoka Songea kuja kukata miwa kwenye mashamba ya huko chini tambarare, akaoa Mchagga. Basi, kosa langu ndilo hilo. Tangu siku ile nikawa Chotara bwenini, Chotara kwenye foleni ya uji, Chotara hata kanisani. Nilitaka kitu kimoja tu: alimeze neno lake mbele ya wale wale waliocheka.

Mungu si Athumani. Muhula uliofuata akatupa jaribio, na humo mkawa na naitrojeni ya amaidi. Kwa hesabu yake majirani ni wanne, atomu tatu na jozi moja isiyofungwa, kwa hiyo sp³. Mimi nilikuwa nimesoma kitabu kinene cha maktaba: jozi ile ya elektroni haitulii kwa naitrojeni, inaegemea upande wa kaboni iliyoshika oksijeni, kwa hiyo haihesabiwi, na jibu ni sp². Akanikosesha kwa wino mwekundu. Nilipompelekea kitabu hakukifungua.

"Kaa chini, Chotara."

Nikakaa. Lakini bwenini nikatangaza kwa sauti kwamba Jumatatu, mkaguzi wa kutoka wizarani akiingia darasani, nitamwuliza Mwalimu swali hilo hilo. Nilijua litamfikia, maana bweni halina siri.

Jumamosi nilikuwa nimeruhusiwa kwenda nyumbani. Mwalimu akatokea kihambani kwetu, kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, amevaa viatu vya kanisani, mkononi ana jani la isale. Kwa Wachagga, mtu akikuletea isale kuomba radhi, umekwisha. Hata kama alikuchomea nyumba, unasamehe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Nimekuja. Yaishe."

"Yaishe hapa kihambani, au kule darasani yalikoanzia?"

Akalisogeza jani karibu na mikono yangu. Mama akanisukuma begani.

"Pokea, mwanangu. Isale halikataliwi!"

Nilifurahi. Sijapata kufurahi namna ile, si siku ya matokeo wala ya harusi yangu. Nikaweka mikono mgongoni.

"Isale ni la Wachagga, Mwalimu. Mimi ni chotara."

Mama alinizaba kofi, na kwa upande wake lilikuwa la haki. Mwanamke wa mlimani hawezi kuona isale likirudi na aliyelileta, kisha akapata usingizi. Baba alimsindikiza mgeni hadi barabarani, na aliporudi akanimenyea kipande cha muwa.

Jumatatu mkaguzi aliketi nyuma ya darasa. Mwalimu alifundisha vizuri, sina budi kusema. Mwishoni akauliza kama kuna mwenye swali. Nikanyoosha mkono. Akatafuta mkono mwingine, hakuuona. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu neno lile, akaniita kwa jina langu la ubatizo, polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Nikasimama, nikauliza.