Mashine Inaitikia, Picha Haiendi

Filamu za eksirei ziliadimika hospitalini kwetu kuliko sukari ilivyoadimika nilipokuwa mtoto. Sukari angalau tulipanga foleni na kurudi nyumbani na robo kilo. Filamu hazikuwa hata na foleni. Zilikuwa ni zile siku za kila mtu kuambiwa ajitegemee. Shamba la mkonge kule tambarare lilikuwa limeuzwa kwa mwekezaji, wagonjwa walikuwa wameanza kuambiwa wachangie matibabu, na hospitali ndogo ya misheni kama yetu, iliyojishikiza mlimani huku Upare ya kusini, ilitakiwa ijue yenyewe itakula nini. Ndipo marafiki wa kanisa huko Ujerumani wakatuletea mtumba wao: mashine ya kupiga picha za mifupa bila filamu, pamoja na kompyuta.

Mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha wa hospitali. Nilikuwa nimesoma kompyuta miezi mitatu Same mjini, tena zaidi nilijifunza kuandika barua, lakini hilo lilitosha kunifanya mtaalamu. Mashine ilikaa chumba cha eksirei. Kompyuta ilikaa ofisi ya kumbukumbu, upande wa pili wa uwanja, na waya ulipita juu ya paa la jiko kuviunganisha. Kompyuta hiyo tuliiita ghala. Picha ikishapigwa ilitakiwa iende ghalani, na kutoka ghalani isafiri kwa laini ya simu hadi kwa daktari bingwa wa mifupa, kwenye hospitali kubwa mbali na sisi. Hapa kwetu tulikuwa na daktari mmoja tu, na mambo ya mifupa alikuwa akiyasoma usiku kwenye vitabu.

Fundi wa Kijerumani alikaa nasi wiki moja. Alinifundisha kufungua skrini nyeusi isiyo na picha wala rangi, ambayo unaandika amri kwa mkono na kusubiri jibu. Amri ya kwanza ilikuwa ping. Ukiandika hivyo na namba ya ghala, ghala linajibu mara nne kwamba lipo. Ya pili ni eko. Hiyo inauliza kwa lugha ya mashine za picha zenyewe: unanisikia, tunaelewana? Mimi niliziweka kwa namna yangu. Ping ni kupiga hodi. Eko ni shikamoo, na ghala likijibu ni marahaba. Fundi alicheka nilipomweleza, akaandika kwenye daftari lake.

Kabla hajaondoka alinionya jambo moja. Ghala ni dogo. Kila mwisho wa mwezi nifute picha za zamani.

Nilifuta, sikatai. Lakini mwezi wa pili tu alikuja mama mmoja mzee kutoka Maore, amevaa gauni lake la kanisani, akaniuliza kama picha ya mumewe bado ipo. Mumewe tulimpiga picha ya kifua, na baada ya wiki tatu wakamzika. Hakuwahi kupigwa picha nyingine maishani mwake. Nikamfungulia. Akakaa mbele ya zile mbavu akaziongelesha kwa Kipare, taratibu, kama mtu anayemwagiza mwenzake dukani. Aliporudi kijijini alisimulia, na siku za gulio wakaanza kuja wengine. Matroni wetu, mama wa makamo aliyekuwa mkali kwa kila jambo, kwa hili hakuwa mkali hata kidogo. Tukakubaliana mimi na yeye, nikaandika orodha kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Waliopona tuliwafuta. Waliokufa tuliwatunza, na yule mama wa Maore nilimwahidi kwamba mumewe hatafutwa.

Mama yangu mzazi naye alikuwa kwenye orodha hiyo, picha ya nyonga, ya mwaka aliofariki. Sikumfungua mara nyingi. Nilipenda tu kujua kwamba yupo.

Siku ninayoisema, gari la shamba la mkonge lilimleta mkata mkonge mmoja asubuhi, saa mbili hivi. Alikuwa amekaa juu ya matita ya mkonge kwenye tela, trekta likaingia shimoni, akaangukia shingo. Alikuwa mtu wa Kigoma, alikuja kufuata kazi, na hapa hakuwa na ndugu. Tulimlaza na mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa. Daktari akampa vidole vyake, akamwambia aminye. Akaminya. Akaniita na mimi nijaribu, na kweli aliniminya vidole viwili, si kwa nguvu, lakini aliniminya.

"Umesikia, dada?" akaniuliza. "Mkono upo."

"Upo, kaka," nikamwambia. "Tena umenishika vizuri."

Nikampiga picha. Daktari aliitazama kwenye skrini ya mashine, akakuna kichwa, akaenda kumpigia simu bingwa. Bingwa akasema mfupa hausomwi kwa kusimuliwa. Nitumieni picha kwanza, asisogezwe hata hatua moja kabla sijaiona, kwa barabara yenu ile mnaweza kummaliza njiani. Na akasema atakuwa ofisini hadi saa tisa alasiri, baada ya hapo ana safari.

Nikatuma. Ikakataliwa. Nikatuma tena, ikakataliwa, na skrini ikanipa namba nisiyoijua.

Nikafungua ile skrini nyeusi nikapiga hodi. Ghala likajibu, mara nne, haraka haraka. Nikatoa shikamoo. Marahaba. Nikatuma picha. Hapana. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kijerumani, kinene kama Biblia ya madhabahuni, na nilikipekua kama vile nikikipekua sana kitageuka Kiswahili.

Nilichomoa waya nikachomeka. Nilivuka uwanja nikaangalia nyuma ya ghala, nikarudi. Nilipanda ngazi nikaukagua waya juu ya paa la jiko, wapishi wakinitazama kutoka chini na miiko yao. Umeme siku hiyo haukukatika hata mara moja. Ningekuwa na cha kulaumu ningelaumu, lakini kila kitu kilikuwa kizima. Ping, jibu. Eko, jibu. Picha, hapana. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, na mimi nilikuwa nikiandika maneno yaleyale mawili na kupata majibu yaleyale mazuri. Niliitukana mashine. Niliibembeleza pia, sioni haya kusema.

Kila nilipovuka uwanja nilipita dirisha la wodi, na yule mkata mkonge alikuwa akinisikia miguu.

"Dada, imefika?"

"Bado kidogo, kaka."

Saa sita daktari alimpa tena vidole. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mkono wa kushoto haukuminya. Wa kulia uligusa tu. Daktari akanitazama, nami nikarudi kwenye mashine mbio, nikapiga hodi tena, kwa sababu sikuwa na jambo jingine nililolijua. Ghala likaitikia. Nililia pale, mikono ikiwa juu ya vibonyezo, na nilikuwa nimejaa hasira kuliko huzuni.

Baada ya saa nane nilikuwa ofisi ya kumbukumbu, nimekaa mbele ya ghala bila kujua nifanye nini, mlango ukabishwa. Ni yule mama wa Maore. Nilikuwa nimesahau kwamba ni siku ya gulio.

"Shikamoo, mama. Leo haiwezekani."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshuka gari sasa hivi. Nimwone kidogo tu, niondoke."

Nilimjibu vibaya. Nikamwambia kuna mtu anakufa huko wodini na yeye anataka kuangalia mbavu. Hakubishana, alivuta benchi akakaa, kama mtu aliyezoea kusubiri ofisini. Na mimi, ili aondoke upesi, nikamfungulia mumewe.

Hakufunguka. Kikatokea kisanduku kidogo cha Kijerumani. Nilikijua kisanduku hicho. Kwa wiki mbili kilikuwa kikinitokea kila asubuhi, nami nilikuwa nikikibonyeza kinaondoka na kuendelea na kazi. Lakini mara hii niliusoma mstari wa chini wenye tarakimu, na tarakimu yenyewe ilikuwa sifuri. Neno la mbele yake fundi alikuwa amenifundisha: nafasi iliyobaki ghalani, sifuri.

Ghala lilikuwa limejaa. Kuitikia hodi hakuhitaji nafasi, wala kuitikia salamu. Kupokea ndiko kunakohitaji, na nafasi yote ilikuwa imekaliwa na watu wangu, wale niliowaandika kwenye ukurasa wa nyuma. Tangu asubuhi nilikuwa nimeuliza kila swali isipokuwa hilo, na asubuhi hiyohiyo kisanduku kilikuwa kimeniambia.

Ningeweza kufungua mmoja mmoja na kuchagua. Ilikuwa saa nane na nusu kasoro. Nikafungua skrini nyeusi, nikaandika amri moja ya kufuta folda nzima ya wale waliokufa, na kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Mama wa Maore alikuwa nyuma yangu ameweka mikono mapajani. Mama yangu alikuwa ndani. Nikabonyeza.

"Umempata?" akauliza.

"Nimemfuta, mama. Nimewafuta wote."

Aliitazama skrini. Kisha akasema, "Uliniahidi," si kwa sauti kubwa, akainuka akafunga kilemba chake vizuri na kutoka. Sikumfuata. Nilikuwa tayari navuka uwanja.

Picha ikaingia ghalani mara moja, bila ubishi wowote. Kutoka hapo ilisafiri kwa laini ya simu karibu dakika arobaini, mstari wa bluu ukisogea kama konokono, na daktari alimshika bingwa kwenye simu ya ofisini kwake, iliyokuwa na laini yake nyingine, akimwomba asiondoke. Hakuondoka, Mungu ambariki. Alipoiona alisema maneno machache tu. Mfungeni kwenye ubao, shingo isitikisike, mleteni sasa hivi. Na akauliza bado anaminya?

Daktari akasema asubuhi alikuwa anaminya.

Baadaye, siku nyingi baadaye, daktari aliniambia huenda isingebadilisha kitu. Uvimbe wa uti wa mgongo hauna adabu, alisema, angeweza kupoteza mikono hata kama angekuwa amelala mlangoni kwa bingwa. Alisema hivyo kwa wema na nilimshukuru. Sijawahi kumwamini wala kutomwamini. Nimekaa hapo katikati miaka yote hii.

Walimtoa wodini juu ya ubao, amefungwa mashuka kuanzia paji la uso, wanaume wanne, taratibu hadi kwenye Land Rover. Matroni alipanda naye. Mimi nilisimama kando ya mlango wa nyuma. Hakuweza kugeuza kichwa, kwa hiyo nilisogea mpaka nikawa juu ya uso wake ili anione.

"Imefika?" akauliza.

"Imefika, kaka. Bingwa anakusubiri."

"Kulikuwa na nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Hakuna aliyekuwa akinikatiza, na injini ilikuwa haijawashwa.

"Laini ya simu," nikasema. "Ilikuwa mbovu tangu asubuhi."

"Laini za huku ni shida," akasema. "Pole na kazi, dada. Umehangaika sana leo, nilikuwa nakusikia ukipita pale dirishani."

Kisha akataka kunipa mkono wa kuagana. Nilijua kwa jinsi alivyonitazama na kungoja, kama mtu aliyekwisha kuunyoosha. Mkono ulikuwa umelala juu ya blanketi, haujasogea. Nikainama nikauchukua, nikauminya mimi, na yeye akatabasamu akidhani tumepeana.